Sodo za Kufua kwa Wasichana wa Lamu: Mwongozo Kamili, kuanzia Kitambaa hadi Ziara ya Kurudi

Kila mwaka vikundi vya kujitolea hutuuliza swali lile lile, mbona wasichana hawazitumii sodo za kufua walizopewa, kwa sababu kosa nalo ni lile lile. Sodo zimeshonwa, zimegawiwa, picha zimepigwa. Miezi mitatu baadaye mtu anarudi kisiwani na kuzikuta zimelala sandukuni. Msichana amerudia tambara lake la zamani, au akiingia siku zake haendi skuli.

Nasi tulianguka papo hapo. Mzigo wetu wa kwanza ulikuwa wa sodo nene zilizoshonwa kitu kimoja, za kupendeza macho. Tuliugawa mwezi wa Mei, upande wa Faza, kisiwani Pate. Bibi mmoja aliokota moja, akaibinya kwa vidole viwili kama anayechagua embe, akauliza: "Mwanangu, hii itakauka lini?" Tulicheka. Haikukauka.

Mwongozo huu wote unalijibu swali la yule bibi. Sodo ifuliwe asubuhi, na kufikia magharibi iwe kavu kabisa. Hata ikishonwa kwa ustadi gani, sodo mbichi itanuka, itamwasha msichana, naye ataitupa. Kwa hiyo utaona hapa chini kwamba umbo, kitambaa, idadi na hata mwezi wa kugawa vimechaguliwa kwa sababu ya kukauka.

## Umbo tunalotumia

Sodo yetu ina sehemu mbili zinazoachana. Ya chini ndiyo inayofungwa kwenye chupi, ina mabawa mawili na utando wa kuzuia maji. Mafundi wetu waliipa jina la ngalawa, kwa kuwa imetanua mikono pande zote mbili, na jina limeganda.

Sehemu ya juu ni kitambaa cha ndani: mraba wa kawaida unaokunjwa mara tatu na kuchomekwa juu ya ngalawa. Ukikunjuliwa una tabaka mbili tu, hivyo upepo unaupenya na jua linaufikia. Tena ukianikwa unafanana na leso ya mkononi. Shemeji akipita kiwandani, yaani uani, hajui ni nini, na hilo kwa msichana wa miaka 13 ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani sisi watu wazima.

## Mahitaji

Hesabu hii ni ya wasichana 40. Kila mmoja atapata ngalawa 3, vitambaa vya ndani 8, chupi 2, ndoo ndogo yenye kifuniko, sabuni, na mfuko wa nguo.

- Flaneli nyepesi ya pamba, upana wa sentimita 150: mita 30
- Kitambaa cha pamba chenye maua au rangi za giza, upana huo huo: mita 14
- Kitambaa kisichopitisha maji, kile kinachoshonewa nepi za kufua: mita 2.5
- Vishikizo vya plastiki vya kubana: jozi 120, ongeza 20 za akiba, pamoja na koleo yake
- Uzi wa poliesta, na sindano za cherehani namba 14 (nunua nyingi, zitavunjika)
- Mikasi mikali, rula, chaki, na karatasi ngumu ya boksi kwa ajili ya ruwaza
- Vibanio vya kuanikia nguo
- Chupi mpya za pamba 80, saizi mbalimbali
- Ndoo 40 za lita 4 au 5 zenye vifuniko
- Sabuni za kipande 40 kwa kuanzia

Usiache chupi ukidhani kila msichana anazo. Mabawa hayana pa kushika bila chupi, na chupi iliyolegea lastiki ni sawa na kutokuwa nayo. Tumeona vikundi vikitoa sodo maridadi kwa mtoto aliye na chupi moja, iliyotoboka. Ikiwa fedha ni chache, punguza idadi ya wasichana, lakini chupi zibaki.

Na usishawishike na makintoshi ya kitanda cha mtoto au plastiki ya kitambaa cha meza. Vinashika joto, jasho linajaa ndani, mapaja yanachubuka, na baada ya wiki chache za jua vinapasuka. Kitambaa cha nepi ni ghali, kweli, lakini mita mbili na nusu zinatosha wasichana 40.

Kuhusu vishikizo pia tulijifunza kwa hasara. Vya chuma vinashika kutu kwa hewa ya bahari, kutu inatoa madoa na baadaye inakata kitambaa. Velkro nayo ina kelele. Msichana mmoja alituambia hubadilisha sodo huku akikohoa kwa nguvu ili wenzake chooni wasisikie "krrrap". Ukikosa vya plastiki, kishikizo cha shati na tundu lake vinafanya kazi vizuri.

## Hatua ya 1: Kipime kitambaa dukani

Muuzaji atakuambia ni pamba tupu. Usibishane naye, omba kipande kidogo tu.

Kidondoshee maji. Pamba hunywa tone papo hapo, ama baada ya kufuliwa mara moja ikiwa ina wanga wa dukani. Tone likibaki juu kama lulu hata baada ya kufua, hicho si kitambaa chako.

Kisha choma uzi mmoja. Pamba huungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake linasagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Fanya hivyo hata kwa leso, yaani khanga: baadhi ya zinazouzwa siku hizi zimechanganywa na poliesta, na ukiziweka sehemu ya kunyonya, damu itateleza juu na kutokea pembeni.

Leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara mia, inanyonya vizuri mno. Kina mama wakijitolea kuzitoa, zipokeeni. Ila zisiwe zimechakaa hadi kuonyesha mwanga, maana hazitamaliza hata mwaka.

## Hatua ya 2: Fua kabla ya kukata

Loweka flaneli na pamba ya maua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, anika, piga pasi. Pamba hurudi ndani. Ukikata kwanza, msichana ataifua mara ya kwanza na sodo itajikunja kama jani la tambuu.

Kitambaa kisichopitisha maji kisiguswe na maji ya moto wala pasi. Utando wake unaweza kuharibika, na hutaona tundu mpaka siku msichana atakapoketi darasani.

Utajua kazi imefaa ikiwa maji ya mwisho ya kusuuza ni meupe na rangi haichuji. Kitambaa chekundu kinachochuja hutia hofu: msichana hatajua ni rangi au ni damu isiyoisha.

## Hatua ya 3: Ruwaza na kukata

Chora ruwaza kwenye boksi, si kwenye gazeti. Gazeti linalegea, na kufikia kipande cha hamsini saizi imeshabadilika.

Kitambaa cha ndani ni mraba wa sentimita 25 kwa 25. Kwenye upana wa sentimita 150 utapata miraba 6, kwa hiyo mita moja inatoa 24. Wasichana 40 wanahitaji miraba 640, maana kila kitambaa kina tabaka mbili. Hapo ndipo zilipotoka zile mita 30, pamoja na ziada ya kurudi ndani.

Ngalawa ina urefu wa sentimita 28 na upana wa 10 kwenye mwili. Katikati, kwa urefu wa sentimita 9, mabawa yanatoka hadi upana wote ufike 23. Viringisha ncha zote, kwani pembe kali zinachoma mapaja. Kwa kila ngalawa kata vipande viwili vya pamba ya maua, kimoja cha juu na kimoja cha chini, halafu kipande kimoja cha kitambaa kisichopitisha maji chenye mwili tu, bila mabawa.

Kata pia mikanda miwili kwa kila ngalawa, kila mmoja sentimita 8 kwa 10. Hiyo ndiyo itakayoshika kitambaa cha ndani kisiteleze.

Rangi ziwe za giza: marun, kahawia, buluu nzito, maua madogo madogo. Tuliwahi kupewa msaada wa kitambaa chenye katuni za watoto. Wasichana wa sekondari walikitazama, wakatazamana, wakanyamaza. Hakuna aliyekivaa.

## Hatua ya 4: Shona vitambaa vya ndani

Weka miraba miwili uso kwa uso. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni, ukiacha mwanya wa vidole vinne. Kata ncha za pembe, geuza, kisha pitisha mshono mwingine ukingoni kuzunguka pande zote ili mwanya ufungike.

Utabaki na mraba wa takriban sentimita 23. Ukikunjwa mara tatu unakuwa na upana wa karibu sentimita 7.5 na tabaka sita.

Usiongeze tabaka la tatu "kwa usalama". Kila fundi mpya hujaribu, akidhani anamhurumia msichana. Siku za damu nyingi msichana ataweka vitambaa viwili. Tabaka la ziada lililoshonewa ndani linamlazimu kusubiri nguo ikauke siku zote, hata siku ya damu kidogo.

## Hatua ya 5: Shona ngalawa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo fuata mpangilio wenyewe.

Kunja kila mkanda kwa urefu ubaki na upana wa sentimita 4, shona ukingo wake. Ulaze juu ya uso wa kipande cha juu, ukikatisha mwili, sentimita 4 kutoka kila ncha. Ushike kwa mshono mfupi kandokando.

Chukua kipande cha chini. Kwenye mgongo wake weka kitambaa kisichopitisha maji na ukishike kwa mshono ukingoni kabisa mwa mwili. Tumia vibanio, usitumie pini. Kila tundu la pini kwenye utando ni mlango, na damu huupata.

Sasa weka kipande cha juu na cha chini uso kwa uso. Shona kuzunguka sentimita 1 kutoka ukingoni, acha mwanya kwenye ncha moja. Kata vijipande vidogo kwenye mizunguko ili isijikunje, geuza, sawazisha kwa vidole, kisha pitisha mshono wa juu kuzunguka.

Usipitishe mshono wowote katikati ya mwili. Fundi anayependa urembo atataka kuchora mistari miwili mirefu ili "ikae vizuri". Mkatalie kwa upole. Tumerudishiwa ngalawa zilizovuja kwa mstari ulionyooka kabisa, ni mshono huo wa urembo.

Vishikizo huwekwa sentimita 2.5 kutoka ncha ya kila bawa. Jike lielekee juu kwenye bawa moja, dume lielekee chini kwenye la pili. Ukiviweka vyote upande mmoja, bawa itabidi lipindwe ili lishikane, na halitashikana. Kosa hili linafanywa na kila mtu mara moja. Usigonge vishikizo vya ngalawa zote kabla ya kufunga ya kwanza kwenye chupi halisi.

Ngalawa iliyotoka vizuri ikifungwa inalala bapa, haina mbonyeo, na kitambaa cha ndani kinaingia chini ya mikanda bila kusukumwa.

## Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya mtoto kuijaribu

Pika chai ya rangi, iache ipoe. Weka sodo kamili juu ya karatasi nyeupe. Mimina vijiko viwili vya mezani, ndiyo mililita 30, kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Wanawake wengi hutoka damu ya mililita 30 hadi 40 hivi kwa hedhi nzima, kwa hiyo jaribio hili ni kali kuliko maisha.

Kalia. Ndiyo, kalia, ukiwa umevaa nguo usiyoijali. Baada ya dakika tano tazama karatasi. Ikiwa na doa katikati, utando una tundu. Ikiwa na doa pembeni, kitambaa cha ndani ni chembamba au kimekaa upande.

Jaribio la pili wengi hulisahau. Fua kitambaa kimoja na ngalawa moja, vianike kivulini penye upepo, halafu uhesabu saa. Vianike pale pale ambapo msichana ataanika: ndani ya kiwanda cha nyumba ya mawe ya Amu, mji wa Lamu, ambamo jua hupiga mchana tu, au chini ya upenu wa makuti. Paa la hoteli la Shela si mahali pa kujaribia. Ikipita siku nzima na bado ni mbichi, rudi Hatua ya 1, tatizo ni kitambaa.

Na wajitolea wanawake wavae sodo hizi hedhi moja nzima kabla ya mzigo kuondoka. Asiyekubali kuivaa asiipeleke kwa mtoto wa mwenzake.

## Hatua ya 7: Ongea na wakubwa kwanza

Anza kwa mwalimu mkuu. Tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, serikali ina wajibu wa kuwapa wanafunzi wa kike sodo bure, kwa hiyo uliza skuli imepokea nini, lini, na ni darasa gani waliokosa. Hakuna haja ya kushindana na mzigo wa serikali.

Halafu kutana na kina mama, na nyanya zao. Usiwapite. Msichana wa Siyu au Matondoni haanui kitu kwenye kamba bila mama kujua. Mama asipoelezwa atadhani mwanawe amepewa na mwanamume. Onyesheni sodo, zishikwe, zikosolewe. Maoni bora tuliyowahi kupata yalitoka kwa wanawake ambao walikuwa wakikunja leso kabla sisi kuzaliwa.

Mtafute pia somo wa mtaa, yule mwanamke anayewafunda wasichana, na ustadha wa madrasa. Wasichana watauliza kuhusu sala, saumu na josho, nawe si wa kuyajibu hayo. Awepo anayeyajua.

Kumbuka skuli inaweza kuwa na wasichana wasioweza kutumia sodo za kufua: wa bweni asiye na pa kuanika, anayeteka maji mbali kwa mtungi mmoja wa siku nzima, mwenye ugonjwa unaomzuia kufua. Hao watafutie za kutupa. Kuwalazimisha ni kuwaongezea mzigo.

Picha za wasichana wakipokea sodo ziacheni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, fikiria mwenyewe ungekuwa na miaka 12, na uso wako umesambazwa kwenye simu za watu ukiwa umeshika sodo. Piga picha ya ndoo.

## Hatua ya 8: Fundisha kufua, kwa maji ya pale

Somo la kufua ndilo linaloamua kila kitu. Tenga saa mbili, si dakika ishirini baada ya hotuba. Walimu wanaume watoke, wavulana wapewe kipindi chao siku nyingine. Leta beseni, leta sabuni, na kila msichana afue kwa mikono yake.

Wafundishe hivi.

Maji ya baridi kwanza. Maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Suuza hadi maji yapungue wekundu, ndipo sabuni ifuate.

Usiloweke usiku kucha. Ndoo yenye kifuniko ni ya kusubiri saa chache mpaka nafasi ipatikane. Ikilala, itanuka, na harufu hiyo haiondoki kirahisi.

Usisuuze baharini. Nyumba ikiwa ufukweni kishawishi ni kikubwa. Chumvi inayobaki huvuta unyevu hewani, kwa hiyo kitambaa kilichokauka mchana kinarudi ubichi usiku, na kinawasha.

Maji ya kisima yenye chumvichumvi, kama ya sehemu nyingi za Pate, hayatoi povu kwa sabuni ya kipande. Msichana atazidi kusugua sabuni, na utando mweupe wa sabuni utabaki kwenye nyuzi. Baada ya miezi miwili kitambaa kinakataa kunyonya na mtu anasema sodo ni mbovu. Dawa yake ni kufulia maji hayo kwa sabuni ya unga kidogo, kisha kusuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, ya jabia (birika la kuhifadhia maji ya mvua) au ya mfereji. Ndoo moja ndogo inatosha kwa suuzo la mwisho.

Jiki hapana, hula kitambaa na utando. Manukato ya kulainisha nguo hapana, huzuia kunyonya. Ngalawa isikamuliwe kwa kusokotwa, ibinywe tu.

Kuanika: kitambaa kikunjuliwe chote. Anayeona haya aweke leso nyepesi juu yake, jua bado litapenya. Asifiche chini ya godoro, ndiko kwenye giza na joto, na ndiko ukungu unakozaliwa. Wakati wa masika, vitambaa vya ndani vinaweza kumaliziwa kwa pasi ya makaa. Ngalawa isiguswe na pasi.

Namna ya kujua kimekauka ni kukigusisha shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji. Vidole hudanganya, shavu halidanganyi.

Mwisho, kubadilisha kila saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa, na kunawa mikono kabla na baada. Kitambaa kilichotumika kikunjwe na kuingizwa kwenye mfuko wake hadi nyumbani.

### Dalili za kumpeleka msichana kituo cha afya

Sodo kujaa chini ya saa mbili mfululizo, damu kupita siku 7, maumivu yanayomzuia kusimama, muwasho au uchafu wenye harufu mbaya. Usimwambie avumilie ndiyo wanawake walivyo.

Na akikueleza kwamba kuna mwanamume anayempa fedha za sodo kwa sharti, usimhoji mbele ya wenzake wala usiahidi kuficha. Namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto nchini Kenya. Mjue mapema mwalimu au afisa wa watoto utakayempigia.

## Hatua ya 9: Safari na kugawa

Siku ya Hedhi Duniani ni 28 Mei, na kila mfadhili anataka picha za tarehe hiyo. Kwetu Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, kusi imeshika, bahari imechafuka na kamba za nguo zimeloa. Msichana anapewa chombo kipya asichokijua wakati ambao hata shuka halikauki. Sherehekeeni Mei mkipenda, ila gaweni Januari au Februari, kaskazi ikivuma. Kufikia masika mtoto ameshaizoea sodo yake na ameshajua ujanja wake.

Boti za kwenda Pate hupita mlango wa Mkanda, na Mkanda haupitiki maji yakipwa. Muulize nahodha saa ya maji kabla ya kuwaahidi walimu wa Mtangawanda au Faza muda wa kufika. Kuwaweka wasichana wakingoja juani saa tatu si mwanzo mzuri.

Pakieni kila seti ndani ya ndoo yake na kifuniko chake, isiloe kwa mawimbi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na bado kuna vikundi vinavyoshuka gatini Mokowe na sodo ndani ya karatasi za nailoni.

Saizi za chupi ziulizwe wiki moja kabla, kwa kikaratasi kisicho na jina kinachokunjwa na kutiwa kikombeni. Siku ya kugawa, wasipange foleni uwanjani. Ndoo zote zifanane, ziwe zimepangwa darasani kwa saizi, kila mmoja achukue na kutoka nayo. Ndoo haisemi kilichomo ndani. Hilo nalo lilikuwa wazo la mama mmoja wa Kizingitini, si letu.

## Hatua ya 10: Rudi

Rudini baada ya hedhi moja, yaani wiki tano au sita, kisha baada ya miezi mitatu, kisha baada ya mwaka. Bajeti ya boti ya ziara hizi itengwe kabla ya kununua flaneli. Isipotengwa, hamtarudi. Nasema nikijijua.

Usiulize "mnazipenda?" Watasema ndiyo, wana adabu. Uliza: unaanika wapi? Ilikauka saa ngapi? Ulitumia ngapi jana? Ipi imevuja, na imevujia wapi? Waombe walete ngalawa moja kila mmoja, iliyofuliwa, uitazame utando kwenye mwanga.

Andikeni idadi, si majina. Tatizo likijirudia kwa watatu au wanne wa mtaa mmoja, nendeni mkatazame maji na kamba za pale kabla ya kumlaumu fundi.

Ikitunzwa, seti hukaa zaidi ya mwaka, mara nyingi miwili. Ngalawa itolewe utando ukianza kubanduka au kishikizo kikigoma. Kitambaa cha ndani kitolewe kikikonda. Chupi zitatangulia kuchakaa kabla ya vyote, kwa hiyo ziara ya mwaka iende na chupi mpya hata kama haina kingine.

Kwa mzigo wa Januari, kitambaa kinunuliwe Septemba, kifuliwe na kukatwa Oktoba, cherehani zianze Novemba. Jaribio la chai lifanyike wiki ya kwanza ya Desemba, kabla ya mafundi kwenda mapumzikoni na ufunguo wa chumba cha kushonea kupotea, kama ulivyopotea mwaka jana.